Kabla ya Rangi

Ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na Mlima Kenya ulikuwa kama haujawahi kuwapo. Saa tatu asubuhi fundi alichovya kitambaa majini, akakikamua, akakipitisha mara moja juu ya bomba la chuma lililolala kwenye stuli mbili, kisha akasimama akilitazama. Mstari wa unyevu ulibaki pale pale. Tukaongea habari za bei ya makaa, tukamaliza, na mstari bado upo. Akakirudisha kifuniko cha mkebe wa rangi, akakigongagonga kwa nyundo hadi kikakaza.

"Fundi, si uliniambia ni leo?" akauliza mama aliyekuwa akingojea geti lake. Alikuwa ametoka Othaya na pikapu ya kukodi.

"Nilikuambia ni leo, mama, na itakuwa leo. Lakini chuma hiki bado kinatoka jasho. Nikikipaka sasa nitakuwa nimeyafungia maji ndani kwa mkono wangu mwenyewe. Tungoje jua."

Jua lilitoka saa sita na nusu. Akarudia kitambaa chake, na safari hii unyevu ulikauka kabla hajamaliza kukikunja. Ndipo akaufungua mkebe.

Wakaguzi wa rangi za meli na madaraja wana kanuni inayojulikana dunia nzima: usipake chuma rangi mpaka joto lake lipite kiwango cha kufanya umande kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi. Wana vifaa vya kupima hayo. Fundi huyu wa jua kali mjini Nyeri hana kifaa, ana kitambaa. Nimekaa kwenye benchi la kibanda chake asubuhi nyingi kwa miaka kadhaa, na nimesadiki kwamba kitambaa kile kinamwambia karibu yale yale.

Watu wengi hudhani kutu ni shida ya watu wa pwani. Ni kweli kwamba hewa ya Mombasa au Lamu ina chumvi, na chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri, kwa hiyo chuma huliwa upesi zaidi. Lakini kutu haihitaji bahari. Inahitaji maji na hewa, basi, na Nyeri ina vyote viwili bila kipimo. Mji uko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, umebanwa kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Usiku chuma hupoteza joto haraka kuliko hewa inayokizunguka, na alfajiri utalikuta geti limelowa hata kama mvua haijanyesha kwa wiki mbili. Katika majira ya gathano, mwezi wa sita hadi wa nane, manyunyu na ukungu vinaweza kuliacha limelowa mpaka mchana. Hesabu saa hizo kwa mwaka mzima, utaona kwa nini nyumba zetu za milimani zina machozi ya kahawia chini ya kila bawaba.

Geti langu la kwanza sikulinunua kwake. Nililinunua kwingine, likiwa tayari, limepakwa rangi nyeusi inayong'aa hata unaweza kujitazama uso. Masika mawili yalipopita lilianza kutoa madoa kwenye viungo. Nikaita mtu akapiga rangi juu ya madoa. Masika ya tatu, bawaba ya chini ikang'oka pamoja na kipande cha bomba, na ndipo nikampelekea fundi.

Hakusema neno. Alichukua spana akaanza kuligonga bomba la pembeni, kutoka juu akishuka. Lililia vizuri, ngii, ngii, ngii, hadi karibu na chini, pale sauti ikabadilika ghafla ikawa pu. Akasukuma bisibisi pale, ikaingia kama kwenye ndizi iliyoiva. Maji meusi yakamwagika miguuni petu.

Rangi kwa nje ilikuwa bado inang'aa. Fundi akanionyesha palipokuwa na kosa: bomba lilikuwa limezibwa juu na chini, lakini kwenye mshono mmoja wa kuchomelea kulikuwa na tundu dogo kama la sindano. Mchana jua likipiga, hewa ya ndani hupanuka na kutoka. Jioni baridi ikiingia, bomba huvuta hewa tena, na pamoja nayo huvuta matone yaliyotulia kwenye mshono. Geti lilikuwa likipumua, na kila pumzi ilileta maji ambayo hayakuwa na njia ya kutoka. "Likaoza likiwa limevaa nguo nzuri," alisema. Kwa hiyo katika kila geti analotengeneza yeye huziba juu kwa makini, akapitisha tochi kukagua mshono wote, kisha hutoboa tundu chini kabisa, mahali pasipoonekana, ili maji yakiingia yapate mlango.

Baada ya siku hiyo nilianza kuja kutazama tu, na nilichokiona ni kwamba kupaka rangi ni sehemu ndogo kabisa ya kazi yake ya kuzuia kutu. Chuma kipya kinapotoka dukani huwa kimefunikwa na mafuta, na chini ya mafuta mara nyingi kuna ngozi ya rangi ya samawati iliyokolea, ambayo hujiunda wakati chuma kinapopitishwa kwenye viringisho kingali cha moto. Ngozi ile ni nzuri kwa macho, na mafundi wengi huipaka rangi juu yake. Yeye haiachi hata kidogo. Ngozi hiyo haikishiki chuma daima. Siku moja hupasuka na kubanduka, na rangi huondoka nayo, tena pale ilipopasuka kutu hula kwa kasi kwa sababu ngozi na chuma hugeuka kuwa kama pande mbili za betri. Kwa hiyo anaanza kwa kufuta mafuta kwa kitambaa chenye tina. Mafuta kwanza, msasa baadaye. Ukigeuza utaratibu huo unayasugua mafuta yaingie kwenye mikwaruzo. Kisha grainda yenye brashi ya waya, kisha msasa kwa mkono kwenye pembe ambazo grainda haifiki.

Baada ya hapo hugonga magamba yaliyobaki juu ya mishono ya kuchomelea, na kusaga matone madogo ya chuma yaliyoruka pembeni. Halafu anafanya jambo ambalo nilihitaji kulitazama mara tatu ndipo nikalielewa: anazungusha kila ukingo mkali kwa grainda hadi unakuwa wa mviringo. Rangi mbichi haipendi ncha. Ikipakwa kwenye ukingo mkali hujivuta nyuma pande zote mbili, na ukingo wenyewe ukabaki na utando mwembamba sana. Angalia geti lolote lililoanza kuliwa, utaona kutu imeanzia kwenye kingo na mishono, si katikati ya bati pana.

Chuma kikishasafishwa, hakuna anayeruhusiwa kukigusa kwa mkono mtupu. Nilipokishika siku ya kwanza, bila kufikiri, aliniomba radhi kwa adabu, akachukua kitambaa cha tina akafuta pale pale vidole vyangu vilipokuwa. Chumvi ya bahari haifiki Nyeri, lakini kila mtu ana chumvi yake kiganjani, na alama ya vidole iliyofunikwa na rangi itajitokeza siku moja ikiwa doa.

Ndipo rangi ya kwanza, oksaidi nyekundu, inapoingia. Haanzi na sehemu pana. Anachukua brashi ndogo na kupaka kwanza mishono, kona, vichwa vya bolti na kingo zote, kazi anayoiita kulisha kona. Ikikauka ndipo anapaka geti zima, na kona zikapata chakula cha pili. Mkono wa pili wa oksaidi huutia rangi nyeusi kidogo ili uwe na wekundu tofauti na ule wa kwanza. Hivyo jicho linaona papo hapo mahali brashi iliporuka. Mikono miwili myembamba humpendeza kuliko mmoja mnene, kwa kuwa rangi nene hukauka juu na kubaki mbichi chini.

Oksaidi ile nyekundu inanishangaza kila nikiitazama. Rangi yake inatokana na oksaidi ya chuma, yaani kitu kile kile tunachokiita kutu, kimesagwa laini na kuchanganywa na mafuta ya rangi. Kwa kuwa kimeshakuwa kutu, hakina mahali pengine pa kwenda, kwa hiyo kinatulia juani na mvuani miaka mingi. Maseremala wa majahazi huko pwani wana ngeu, udongo mwekundu wa kuchorea mistari kwenye mbao, na wekundu wake ni huo huo. Na hapa kwetu, mababu waliojipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya mbarika walikuwa wamevaa mwilini dawa ya asili moja na ile iliyo kwenye mkebe wa fundi.

Ujuzi wa chuma haukuletwa huku na mikebe hiyo. Aturi, kama Wakikuyu wawaitavyo wahunzi, walichenjua chuma kutoka kwa mchanga mweusi uliooshwa mitoni. Jomo Kenyatta aliieleza kazi hiyo katika Facing Mount Kenya, kitabu cha mwaka 1938. Kabla yake, W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine, waliokaa upande wa Nyeri mwanzoni mwa karne iliyopita, waliandika kitabu kuhusu Wakikuyu kilichotoka mwaka 1910, nao wakawapa wahunzi nafasi kubwa. Wawili hao baadaye waliunda chombo chao cha matanga, Mana, wakaondoka nacho Uingereza mwaka 1913 na kufika Kisiwa cha Pasaka, kusini-mashariki mwa Pasifiki, mwaka 1914. Napenda kufikiri kwamba watu waliotazama kwa makini jinsi mhunzi wa milimani anavyofua chuma walikitazama kwa jicho lile lile kila chuma cha chombo chao wakiwa baharini. Guka, babu yangu, hakuwa mhunzi, lakini hakuwahi kulirudisha panga lake ukutani bila kulifuta kwa mafuta ya kondoo. Kwake panga lililolala kavu lilikuwa panga lililoachwa.

Mafuta ni dawa kongwe, na mabaharia wa bahari yetu waliijua. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 10, aliandika kwamba majahazi ya bahari hii yalishonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, kwa kuwa maji ya bahari huila misumari ya chuma na kuidhoofisha, na kwamba kamba hizo zilipakwa mafuta na lami. Mtepe wa Lamu ulishonwa hivyo hivyo kwa kamba za nazi, na uliendelea kusafiri hadi karne ya 20. Waliokuwa wakishona mitepe waliitatua shida ya kutu kwa kuukataa msumari wenyewe. Nimeliwaza hilo mara nyingi kwenye benchi la fundi. Yeye hawezi kukikataa chuma. Lazima akae nacho, akilinde.

Siku moja alikuwa akijaza grisi kwenye bawaba kwa kidole, akiisukuma hadi ikafura upande wa pili, nikamsimulia habari za MV Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, Wajerumani waliposhindwa vita upande ule, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo yote grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta injini na boila bado vinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba.

Fundi aliacha kidole ndani ya bawaba. "Ilikaa majini miaka minane?" Nikamwambia karibu hivyo, tena majini baridi yasiyo na chumvi. Akafikiri. "Hao walijua watairudia," akasema, akaendelea kujaza.

Yeye hutumia grisi safi tu. Jirani zake wengi hupaka oili chafu iliyomwagwa gereji kwa kuwa ni bure. Oili iliyokwisha kufanya kazi ndani ya injini imebeba asidi na masizi, na kukipaka chuma kitu hicho ni kukipa adui mwingine huku ukidhani umekipa mlinzi.

Mwaka jana nilikuta kazi ngeni mezani pake: vyuma vinavyoshika makasia, kutoka kwa mashua ndogo ya bwawa upande wa Laikipia. Watu wa pwani hutumia kishwara, kitanzi cha kamba tu, na hakuna kutu ya kuhangaikia hapo. Mashua hii ilikuwa na vibao vya chuma cha kawaida vilivyofungwa kwa bolti za shaba. Mwenye mashua alilalamika kwamba kutu inakula kibao mahali pamoja tu, kuzunguka kila bolti, kana kwamba imeelekezwa. Na kweli ilikuwa imeelekezwa. Metali mbili tofauti zikigusana majini huwa betri, na ile iliyo dhaifu zaidi, hapa chuma, ndiyo huliwa ili ile nyingine ipone.

Jeshi la Majini la Uingereza lilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1761 manowari HMS Alarm ilifunikwa chini kwa mabati ya shaba ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Iliporudi kutoka safari ya West Indies, misumari mingi ya chuma iliyoshika shaba ilikuwa imeliwa, na shaba imeanza kubanduka. Lakini michache ilikuwa salama, nayo ni ile ambayo karatasi ya kahawia iliyofungia mabati ilikuwa imebaki katikati ya shaba na msumari. Karatasi tu! Fundi hakuwa amesikia habari za manowari hiyo, lakini alichofanya kwenye meza yake Nyeri ni kile kile. Alikata vijiduara kutoka tyubu kuukuu ya gari akavivalisha chini ya kila kichwa cha bolti na chini ya kila nati. Halafu akachuna ganda la waya mnene wa umeme, akalivisha shingo ya bolti ili hata ndani ya tundu shaba isikutane na chuma. Kibao akakisugua, akakipaka rangi yenye zinki mara mbili.

Zinki ni hadithi tamu ya metali inayojitoa. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa mwaka 1837, na kila bati la paa unaloliona kutoka Karatina hadi Nanyuki ni mjukuu wa hataza hiyo. Zinki haifuniki tu. Bati likikwaruzwa hadi chuma kikaonekana, zinki iliyo kando huliwa kwanza kwa niaba ya chuma. Meli hufungwa vipande vya zinki chini kwa sababu hiyo hiyo, vikiisha hubadilishwa. Udhaifu wa zinki ni asidi na magadi. Moshi wa jiko la kuni hulila bati kutoka chini, hewa ya zizi la ng'ombe hulila, saruji mbichi iliyorukia bati huacha kovu. Na ukichomelea bomba lililopakwa zinki, joto huichoma ikatoka kama moshi mweupe, nao moshi ule huleta homa kwa anayeuvuta. Fundi husaga zinki pale anapotaka kuchomelea, hufanyia kazi hiyo nje ya kibanda upepo ukiwa mgongoni, kisha huurudishia mshono rangi ya zinki kabla ya kitu kingine chochote.

Kazi hii yote hufunikwa. Mteja anaona rangi ya mwisho, na bei anaipima kwa rangi ya mwisho. Mafundi wanaomaliza geti kwa siku moja wana wateja wengi kuliko yeye, na siwezi kuwalaumu wote, kwa sababu wanalipwa geti la siku moja. Lakini nasema bila kusita kwamba yeye ni fundi mkubwa, na ukubwa wake uko katika saa zile alizosimama akitazama kitambaa huku mteja akitazama saa.

Geti langu alilolitengeneza upya linaingia mwaka wa sita. Asubuhi linalowa kama mengine yote, mchana linakauka. Ukimpelekea fundi wako kazi ya chuma na akakuomba siku mbili kabla ya rangi, mpe, na umlipe siku hizo. Na ukiona tundu dogo chini ya geti lako, usilizibe.